Chumba kidogo cha habari: waandishi wafundishwe nini kwanza?

mhariri_wa_zamu

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia chumba cha habari chenye waandishi wachache, na karibu kazi yetu yote sasa inasomwa kwenye simu. Uongozi umekubali kutenga muda wa mafunzo, lakini muda huo hautoshi kwa kila kitu ninachopendekezewa: kuhariri video, podikasti, uchambuzi wa takwimu, akili mnemba (AI), usalama wa mawasiliano, na uandishi wa vichwa vya habari vinavyopatikana kwa urahisi mtu anapotafuta mtandaoni. Ninaomba maoni ya waliokwisha kupita njia hii. Mngetanguliza ujuzi upi, na kwa sababu gani?

kalamu_na_ushahidi

Ndugu mhariri, ningetanguliza uhakiki wa picha na video. Video iliyohaririwa vibaya humchosha mtazamaji tu, lakini picha ya tukio la zamani ikichapishwa kama ya leo huvunja imani ya msomaji, na imani hiyo hairudi kwa kusahihisha mstari mmoja chini ya habari.

Kazi ninayopenda kuwaonyesha waandishi wapya ni uchunguzi wa BBC Africa Eye wa mwaka 2018 kuhusu video iliyoonyesha wanaume waliovaa sare za kijeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wao wawili. Serikali ya Kameruni iliikana mwanzoni na kusema ni habari ya uongo. Wachunguzi walichukua umbo la safu ya milima lililoonekana nyuma ya watu hao, wakalilinganisha na sura ya ardhi katika Google Earth, na hatimaye wakafika karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Kisha walikagua picha za setilaiti za tarehe mbalimbali ili kuona ni majengo yapi yalikuwa yamekwisha kujengwa na yapi hayakuwapo bado, wakapima vivuli, ambavyo hubadilika kufuatana na majira ya mwaka, na kwa njia hiyo wakabaini kwamba mauaji yalitokea kati ya tarehe 20 Machi na tarehe 5 Aprili 2015. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitokana na mambo ambayo mtu yeyote mwenye intaneti na subira angeweza kuyatazama.

Waandishi wako hawahitaji kufika huko mara moja. Waanze kwa kutafuta picha ilikoonekana kwanza, kwa kutumia TinEye au Google, na kwa kuhifadhi nakala ya ukurasa katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandaoni, kabla mwenyewe hajaufuta. Wajue pia kwamba picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida kupitia WhatsApp hupoteza taarifa zilizofichika ndani ya faili lake, kama vile saa na mahali ilipopigwa. Kwa hiyo wamwombe mpigaji awatumie faili la asili, na zaidi ya hayo wazungumze naye. Mtu aliyekuwapo kweli hueleza kwa urahisi kilichokuwa upande wa pili wa kamera.

jedwali_wazi

Ninakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila ningeweka takwimu bega kwa bega na uhakiki. Mwandishi asiyeweza kufungua jedwali la Excel na kulipanga upya hulazimika kuandika kile msemaji anachomwambia kuhusu bajeti au matokeo ya uchaguzi. Hesabu inayohitajika si ngumu. Kiwango kikipanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6, kimeongezeka kwa pointi 2 za asilimia, lakini ni ongezeko la asilimia 50. Mwandishi asiyetofautisha mambo hayo mawili atampotosha msomaji bila kukusudia.

Hata Nyaraka za Panama za mwaka 2016, zilizofichua kampuni za siri za matajiri na wanasiasa, zilizovuja kwanza kwa gazeti la Ujerumani la Süddeutsche Zeitung na kufikia nyaraka milioni 11.5, zisingekuwa habari kama muungano wa kimataifa wa waandishi wa uchunguzi, ICIJ, usingezipanga ili waandishi zaidi ya 370 waweze kutafuta majina ndani yake. Kompyuta zilipanga nyaraka, lakini waandishi wa kila nchi ndio waliojua ni jina lipi lina uzito. Chanzo kilichozitoa kiliwasiliana kwa njia zilizofungwa kwa usimbaji, ambao humzuia mtu mwingine kusoma ujumbe, na ndiyo maana usalama wa mawasiliano hauwezi kusubiri mafunzo yajayo.

msomaji_kwanza

Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine. Vyumba kadhaa vya habari vilipunguza waandishi na kuajiri watengenezaji wa video kwa kufuata takwimu za Facebook, ilhali mwaka 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba ilikuwa imekuza wastani wa muda wa kutazama, kwa kuwa haikuwahesabu waliotazama chini ya sekunde 3. Januari 2018 ikatangaza kwamba machapisho ya ndugu na marafiki yatapewa nafasi kuliko ya vyombo vya habari. Kwa hiyo, pamoja na mafunzo hayo, jengeni mapema jarida la baruapepe linalomfikia msomaji moja kwa moja, na mpime ni wangapi wanaorudi, si wangapi waliobofya.

mhariri_wa_zamu

Ninawashukuru sana. Bado ninaulizwa kila siku kuhusu akili mnemba. Iingie wapi katika mpango huu?

kalamu_na_ushahidi

Iingie baada ya uhakiki, kwa sababu haiwezi kutumiwa salama na mwandishi asiyejua kuhakiki. Mwaka 2023 tovuti ya CNET ililazimika kusahihisha makala 41 kati ya 77 zilizoandikwa kwa msaada wa programu ya aina hiyo, na baadhi ya makosa yalikuwa ya hesabu za riba tu. Ninairuhusu igeuze sauti ya mahojiano kuwa maandishi, kwa sharti kwamba kila nukuu isikilizwe tena na mwandishi kabla ya kuchapishwa. Kuthibitisha picha au dai la habari, siiruhusu hata kidogo, kwani hujibu kwa uhakika uleule iwe inajua au haijui. Sharti hilo liandikwe, na mhariri wa zamu awe na mamlaka ya kuizuia habari ambayo sharti hilo halikutimizwa, hata kama washindani wameshachapisha.