Jaji wa "sekunde 11", njoo hapa utuambie ulicheza nini!

Mjomba wa Konokono
Wakuu, leo sisalimii, mtanisamehe. Mikono inatetemeka.

Mnamjua. Simtaji na sina haja ya kumtaja. Kila shindano la kutengeneza gemu kwa saa 48 yumo, yule mwenye picha ya kofia, anayetoa maoni kama anayefukuza nzi.

Mpwa wangu ana miaka 12. Ametengeneza gemu yake ya kwanza kwenye Scratch, ile programu ya watoto ya kutengeneza gemu kwa kupanga bloku za maagizo. Ya KWANZA. Konokono mwenye mwavuli anavuka mapaa wakati wa mvua. Tone likimgonga, anajikunja ndani ya gamba na kuteleza nyuma. Konokono kamchora mwenyewe kwa kipanya. Sauti ya mvua kairekodi kwa kukunjakunja mfuko wa plastiki karibu na simu, usiku, kajifunika shuka gubigubi ili sauti zetu zisiingie. Na hizo saa 48 toa usingizi, maana mama yake alikuwa anamzimia kompyuta mapema.

Maoni yakaanza kuja. La kwanza ni la huyo bwana. Nalinakili lote, sijapunguza hata nukta:

"Nimecheza sekunde 11. Zimetosha."

Na nyota moja.

SEKUNDE KUMI NA MOJA! Kobe hajamaliza kutoa shingo! Kuna watu wana miayo mirefu kuliko hiyo!

Sasa sikilizeni. Gemu inaanza na jina lake, mawingu yanapita, mvua inashuka taratibu. Konokono anatokea sekunde ya 15. Yaani jaji hajamwona konokono! Hajabonyeza kitu! Amehukumu mawingu!

Na aliyeligundua hilo si mimi, ni mtoto mwenyewe. Kasoma yale maneno, kanyamaza, kabonyeza bendera ya kijani inayoanzisha gemu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Kisha kaniangalia: "Mjomba, kumi na moja konokono bado hajatoka."

Hapo ndipo ninapokufa mimi. Bado hajatoka!

Kibodi Kavu
Ngoja nikae kiti cha mbele kabisa.

Bi Pikseli
Huyo huyo! Mimi aliniandikia "Fizikia." Basi. Fizikia imefanya nini? Imekosea? Imekufa? Gemu yangu ilikuwa ya karata, hakuna hata kitu kinachodondoka.

MzeeWaLeveli
Mleta mada, punguza munkari. Sekunde 15 za mawingu bila kitufe cha kuruka? Mimi ningeondoka ya saba. Hakuna jaji duniani anayekaa kutazama mawingu wakati gemu nyingine zimepanga foleni. Utangulizi ni mrefu, aweke kitufe, maisha yaendelee.

Mjomba wa Konokono
MzeeWaLeveli, rudia kusoma ulichoandika! "Utangulizi ni mrefu, aweke kitufe." Umeandika mstari mmoja na mtoto ameshajua pa kushika! Kwenye Scratch hiyo ni kazi ya bloku mbili, kitufe cha nafasi kikibonyezwa, tangaza ujumbe wa kuanza. Angeimaliza kabla hujafunga mdomo.

Yeye kaandika "zimetosha". Mtoto wa miaka 12 anarekebishaje "zimetosha"? Iko kwenye bloku gani? Aifungue wapi?

Radi Kavu
Chai hii. Mtoto gani wa miaka 12 anarekodi mvua chini ya shuka?

Mjomba wa Konokono
Chai? Huo mfuko ninao hapa mezani, umekunjwa mpaka umekuwa kama kitambaa! Fungua gemu usikilize, utafute mwavuli wako!

Radi Kavu
Dunia haibembelezi mtu. Mimi gemu yangu ya kwanza nilitukanwa mpaka nikakoma, na leo niko imara. Mnawalea hawa watoto kama mayai, kesho wakikutana na wateja watalia.

Bi Pikseli
Radi Kavu, gemu yako ya pili iko wapi? Tangu nijiunge humu unasema inakuja. "Nikakoma" umelisema mwenyewe.

Kibodi Kavu
Uwiiii.

Fundi Nati
Mimi nimeshakuwa jaji mara kadhaa, ngoja niseme ya huko. Ukicheza gemu 40 kwa siku mbili, macho yanatoka, ya 41 unaichukia kabla haijafunguka. Hilo ni kweli na wala silitetei. Ndiyo maana nilijiwekea utaratibu: siandiki ninavyojisikia, naandika nilichofanya. "Nimebonyeza mshale wa kulia, nimekwama kwenye ukuta wa kijivu, nimerudi, nimekwama tena, nimeacha." Hapo hakuna sifa wala tusi, lakini mwenye gemu anauona ukuta.

Jambo la pili, na hili wengi hawalijui. Anayeanza usimwambie mabaya tu. Sio kwa ajili ya kumbembeleza, hapana. Hajui kipi kizuri! Ukimpiga jumla jumla, akirudi nyumbani anafuta kila kitu, pamoja na kile kimoja kilichokuwa kinang'aa. Nilishaona binti mmoja ana mruko mtamu ajabu, mhusika akitua anabonyea kidogo kama mpira. Akaandikiwa "inachosha". Shindano lililofuata mruko ule haupo, kauondoa. Kilichokuwa kinachosha ni leveli, ndefu mno! Nilitaka kulia. Sasa lazima niandike kitu kimoja cha kurekebisha na kimoja cha kutogusa. Hiki usikiguse. Naandika hivyo hivyo.

Mjomba wa Konokono
Fundi Nati umemaliza kila kitu mkuu. Jana usiku nimemkuta anataka kumfuta konokono! Konokono ambaye jaji HAJAMWONA! Anasema labda amechorwa vibaya. Nikamwambia mwanangu, huyo mtu hajui hata kama kuna konokono.

Sumaku
Nakazia. Celeste ilianza kama gemu ndogo iliyotengenezwa kwa siku nne mwaka 2015 kwenye PICO-8, programu ya kutengeneza gemu ndogo ndogo. Gemu ya Baba Is You imetokea kwenye shindano la Nordic Game Jam 2017. Wangeandikiwa "zimetosha" leo tungekuwa tunacheza nini?

MzeeWaLeveli
Sumaku, mfano umekataa. Aliyetengeneza Celeste alikuwa ameshatoa gemu ya TowerFall tangu 2013. Hao si watoto wa gemu ya kwanza. Wangeandikiwa "zimetosha" wangecheka wakaendelea na kazi.

Sumaku
Sasa si ndiyo unanisaidia hoja? Mzoefu anacheka. Anayeanza anafuta konokono.

MzeeWaLeveli
Halafu kwa nini Scratch? Angeanza moja kwa moja na Godot, programu ya gemu wanayotumia wakubwa.

Bi Pikseli
Scratch imetengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Ana 12. Yuko mahali pake, mwache.

Radi Kavu
Scratch si gemu, ni katuni.

Sumaku
Haya, ameanza. Mods, mfungieni.

Karatasi Mraba
Samahani wakuu, naleta yangu. Mimi nilipewa nyota mbili kwenye kipengele cha sauti. GEMU YANGU HAINA SAUTI. Mbili za nini? Alisikia nini huyo? Kama ni kimya changu kimemfurahisha, basi tano! Kama hakuna kitu, basi sifuri! Mbili ametoa wapi?

Kibodi Kavu
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Fundi Nati
Karatasi Mraba, hapo waandaaji ndio wa kulaumu. Shindano la Ludum Dare, lililoanza 2002, linakuruhusu kujitoa kwenye kipengele. Huna sauti, unajitoa kwenye sauti, hakuna anayekupigia kura hapo. Na wapiga kura ni washiriki wenyewe, mtu ambaye naye amekesha.

Karatasi Mraba
Washiriki wenyewe ndio wabaya zaidi! Wanakupa nyota ili nawe uende kwao. "Gemu nzuri sana, karibu ucheze yangu." Mia kwa mia hajaifungua.

Sumaku
Hao bora. Wapo wanaoandika "nzuri" kwenye gemu ambayo haifunguki. Niliweka faili bovu kwa bahati mbaya nikapata "nzuri" tatu. Nzuri nini? Ikoni?

Mjomba wa Konokono
Jamani "nzuri" nayo haina msaada, lakini haimkalishi mtoto kitandani akihesabu vidole! Kumi na moja! Turudi kwenye mada!

Radi Kavu
Mada ipi sasa, mbona ulishaimaliza? Utangulizi mrefu.

Mjomba wa Konokono
Naenda kulala kabla sijafungiwa humu. Link ya gemu iko kwenye wasifu wangu. Amekwisha kuweka kitufe cha kuruka, kwa sababu ya MzeeWaLeveli na si kwa sababu ya yule bwana.

Karatasi Mraba
Mbili za sauti, jamani. Mbili.

Bi Pikseli
Na mimi "Fizikia".

Sumaku
Kwenye dhamira ya shindano ndiko kuna wizi. Dhamira ilikuwa "mlango mmoja". Nikatengeneza gemu yenye mlango mmoja. Nikaambiwa sijafuata dhamira. Aliyeshinda hana mlango, ana "mlango wa moyo".

Karatasi Mraba
Mlango wa moyo nao una kitasa?

Kibodi Kavu
Wakuu, nimeifungua ile ya konokono nikitaka kucheka tu. Mfereji wa pili unapitwaje? Nimeteleza mara 30.

Fundi Nati
Funga mwavuli hewani, anaruka mbali zaidi. Mshale wa chini.

Kibodi Kavu
Nikifunga naloa, narudi mwanzo wa paa.

Bi Pikseli
Subiri lile tone kubwa lianguke kwanza. Kuna mwanya mdogo, kama kupepesa jicho.

MzeeWaLeveli
Mwanya upi? Niko hapo hapo kwenye mfereji tangu saa mbili. Nadhani hautoshi.

Fundi Nati
Unatosha mzee, unaruka mapema. Ngoja gamba lifike ukingoni kabisa.

Bi Pikseli
Au tumia D, inajibu haraka kuliko mshale.

MzeeWaLeveli
Kuna D?