Naomba ushauri: Mzee aliumia kichwa, kapona ila hataki kutembea

Binti wa Ngamiani:
Wakuu habari za jioni. Baba yangu ana miaka 71. Mwaka jana aligongwa na bodaboda hapa Tanga, akaumia kichwa. Alipelekwa MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wakamfanyia upasuaji kutoa damu iliyovilia, na alhamdulillah karudi nyumbani. Anaongea vizuri, anakula mwenyewe, ni mguu na mkono wa kushoto tu ndio vimelegea kidogo. Daktari kasema atembee kila siku. Hataki. Anashinda kwenye kochi toka chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari. Nikimwambia "baba twende tukanyooshe miguu" ananijibu "kesho, mwanangu". Na huyu ni mtu aliyekuwa akitoka barabara ya 14 mpaka bandarini kwa miguu! Mama anasema anadeka. Kaka anataka tumnunulie ile mashine ya kutembelea ya jim. Tufanyeje?

Kibuyu:
Wazee wakiugua wanarudi utotoni. Mlazimishe tu. Chakula msimpelekee kochini, akifuate mezani.

Fizio wa Kanda ya Ziwa:
Pole dada. Kazi yangu ni fiziotherapia. Kibuyu, kwenye chakula mezani niko na wewe, kwenye kulazimisha hapana. Ubongo ukiumia, hasa sehemu ya mbele, mtu anaweza kupoteza ule msukumo wa kuanza jambo. Anajua anatakiwa ainuke, miguu inaweza, lakini haanzi. Ukimtazama utasema mvivu. Wengine ni sonona, wengine wana uchovu ambao hata wakilala hauishi, na wengine wanaogopa kuanguka ila mzee mzima ataanzaje kusema "naogopa" mbele ya watoto wake? Anatumia dawa gani? Akisimama anaona kizunguzungu? Na upande wa kushoto anaona sawasawa, au anajigonga?

Binti wa Ngamiani:
Dah. Anajigonga bega la kushoto kwenye mlango wa chumbani, mama humwambia "mlango haujahama huo". Dawa ni za presha na za kuzuia kifafa.

Fizio wa Kanda ya Ziwa:
Basi mrudishe kliniki wamwangalie macho, wampime na presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Dawa hizo zinaweza kuleta usingizi au kizunguzungu, lakini asiziache kwa kujiamulia, hasa ya kifafa.

Mkitembea, kaa kushoto kwake, nyuma kidogo, usimvute mkono. Bakora aishike mkono wa kulia, ule wenye nguvu. Wengi wanaishika upande mbovu, halafu wanashangaa inawayumbisha. Viatu viwe vya kushika kisigino, kandambili wekeni kando. Mashine achaneni nayo, hela hiyo fungeni vyuma vya kujishikilia chooni.

WHO, Shirika la Afya Duniani, wanashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wazee wakiwemo, na mazoezi ya kuimarisha mwili usiyumbe siku 3 au zaidi. Ila baba usimtajie namba hizo, atakata tamaa. Leo afike mlango wa mbele, apumzike, arudi. Hao hao WHO wanasema kidogo ni bora kuliko kukaa kabisa.

Mama Tukae:
Mimi nimemuuguza mama baada ya kiharusi. Neno "mazoezi" alikuwa halitaki kulisikia. Nikaanza kumtuma: "Mama, hebu niangalizie kama muuza nyanya kafungua." Anakwenda, na nusu ya njia, kwa jirani, kiti cha plastiki kinamsubiri. Anarudi na habari za nyanya na umbea wa mtaa mzima juu yake. Baba yako kabla ya ajali alikuwa anashinda wapi?

Binti wa Ngamiani:
Kijiwe cha kahawa, barabara ya 12, kwenye bao. Wenzake mwanzoni walikuwa wanakuja kumjulia hali, siku hizi wamepotea.

Mama Tukae:
Anzia hapo hapo. Mtafute mmoja wao aje kumchukua, na wewe mweleze kuhusu ule upande wa kushoto. Mtoto akimwambia baba "tembea", baba anasikia amri. Rafiki akimwambia "fulani anajigamba kwamba bao umeshasahau", viatu atavitafuta mwenyewe.

Kibuyu:
Haya, nimeelewa. Na akianguka njiani?

Fizio wa Kanda ya Ziwa:
Msimkwapue. Atulie kwanza pale pale chini, muulize panapouma. Kama yuko sawa, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti ndipo ainuke. Akigonga kichwa, hospitali siku hiyo hiyo hata akisema ni mzima, tena haraka zaidi kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa wazee damu huweza kuvuja taratibu, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye: kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, usingizi mwingi, mwendo kuharibika. Dada, na huu uzito wake wa kuinuka ulikuwepo tangu atoke hospitali au umezidi karibuni?

Binti wa Ngamiani:
Uko hivyo hivyo tangu atoke, haujazidi. Alhamisi nampeleka kliniki, nitayasema yote haya. Na yule mwenzake wa bao nimeshampigia, kasema atampitia nyumbani jua likipoa, kliniki wakishamruhusu. Mama anauliza kahawa atalipa nani.