Ametoka kwenye nyumba ya huduma juzi. Tunaanzia wapi? (Moshi)

Dada wa Pasua

Wadau, habari za jioni. Naulizia kwa ajili ya mdogo wangu, na naomba vitu vya kufanya. Mahubiri tumeshayasikia ya kutosha.

Binti ana miaka 27, miaka minne alikuwa kwenye nyumba ya huduma, yaani waumini wanaishi pamoja chini ya "baba wa kiroho". Juzi Jumapili ametoka, yuko kwetu Pasua. Ametoka katikati ya mfungo wa maji tu, siku ya saba. Ana kifafa, na dawa aliambiwa aziache tangu mwaka jana. Anaamka saa tisa usiku hata bila alamu, anaomba mpaka kunakucha. Aliambiwa akiiacha huduma hafiki siku 90. Laini ya simu hajui imesajiliwa kwa nani. Kiwanja alichoachiwa na marehemu baba alikisaini kama "sadaka ya kujimaliza", yaani kutoa vyote ulivyo navyo. Bibi yetu wa Kibosho hasemeshwi, kwa sababu alitajwa kwenye unabii kuwa ndiye mchawi wa ukoo. Tuanze na lipi?

Muuguzi Mstaafu

Pole dada. Mengine yote yanaweza kungoja, chakula hakingoji. Hapo ndipo familia nyingi hukosea kwa mapenzi mema: binti amekonda, anapokelewa na sahani ya ndizi nyama, soda, na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Mtu aliyekaa siku tano na zaidi bila kula, akiba yake ya fosfeti, potasiamu na magnesi imeshuka. Ukimpa wanga mwingi kwa mara moja, insulini inapanda na kuyavuta madini kidogo yaliyobaki kwenye damu kuyaingiza ndani ya seli. Moyo unaanza kupiga ovyo. Amevumilia njaa siku saba halafu anaanguka siku ya tatu ya kula, na kule kwenye huduma wanasema, mmeona laana hiyo.

Kwa siku saba za maji, kesho asubuhi mpelekeni hospitali, KCMC au Mawenzi, apimwe madini hayo, sukari na mapigo ya moyo. Mwambieni daktari wazi kwamba hajala siku saba, ili aamue kuhusu vitamini B1 kabla hajaanza kushiba. Usiku wa leo, nusu kikombe cha uji mwembamba kila baada ya saa mbili, sukari kidogo sana, na maziwa kidogo. Siku za kwanza asizidi nusu ya chakula chake cha kawaida, kisha mnaongeza pole pole kwa muda wa wiki. Angekuwa amepita siku 10 ningesema asilishwe nyumbani kabisa. Hapo hospitali huanza na kalori kama 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kwa mtu wa kilo 50 hizo ni 500 tu, hazizidi sana sahani moja ya wali maharage. Akivimba miguu, moyo ukienda mbio, pumzi ikikata au akianza kuongea vitu visivyoeleweka, ondokeni naye usiku huo huo.

Kifafa sasa. Kama kuna vidonge vya zamani kabatini, asirudie dozi aliyoachia. Dawa nyingi za kifafa huanzwa kidogo na kupandishwa kwa siku au wiki. Mtu aliyeacha mwaka mzima akimeza dozi kamili anaweza kulala kama aliyelewa, au kutoka vipele vibaya mwilini. Na daktari ajue umri wake, maana zipo dawa za kifafa, sodiamu valproeti mojawapo, zinazodhuru mtoto tumboni.

Halafu lipo jambo ambalo watu wa huduma hawalisemi. Kukosa usingizi na kufunga vyote vinaweza kuamsha degedege la kifafa. Maombi ya saa tisa usiku pamoja na mfungo yanamwangusha mgonjwa, kuanguka kunaitwa pepo, na pepo anaagiziwa mfungo mwingine. Mkimweleza mzunguko huo taratibu, mara nyingi anauona mwenyewe bila ninyi kumtukania mtumishi wake. Akianguka nyumbani, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Ikipita dakika tano, hospitali. Na kwa sasa asikae peke yake na jiko la mkaa.

Karani wa Mtaa

Simu. Piga *106# kutoka kwenye laini yake, utaona jina lililosajiliwa, na kuna sehemu ya kuangalia laini zote zilizofungwa kwenye namba yake ya NIDA. Hakikisheni hakuna laini ya huduma iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ipo tabia hiyo, na siku laini ikitumiwa kwa utapeli anayefuatwa ni yeye.

Kama laini anayotumia ni ya mtu mwingine, fuata mpangilio huu kwa sababu ukigeuza unakwama. Kwanza toa salio lote. Pili sajili laini mpya kwa kidole chake. Tatu hamisha namba benki na kwenye barua pepe, ukiwa bado na laini ya zamani mkononi, maana namba za siri za kuthibitisha zitatumwa kwenye ile ya zamani. Mwisho ndiyo uiache. Kwenye WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, toa kila kifaa usichokijua, halafu rekebisha faragha asiongezwe kwenye magrupu na mtu asiye kwenye orodha yake. PIN za pesa abadili zote, hata kama anasema hakuna anayezijua.

Kiwanja. Hapa kuna swali moja linaloweza kumaliza kesi nzima: mirathi ya mzee ilifunguliwa? Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na kumgawia binti rasmi, basi alisaini kitu ambacho kisheria kilikuwa bado hakijawa mkononi mwake. Kama mirathi ilifungwa na kiwanja ni chake, angalieni kina hati au hakina. Chenye hati, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati ili kisihamishwe wakati mgogoro unaendelea. Kisicho na hati, andikeni barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila nakala yenye muhuri hamjaandika kitu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua kuwa mtu aliye na mamlaka juu ya mwenzake akiyatumia kumsainisha jambo la hasara, makubaliano yanaweza kubatilishwa. Kiongozi wa kiroho unayeishi chini ya paa lake ni mfano mzuri tu. Muda wa kudai kwenye mikataba ni miaka sita, ardhi miaka 12, ila msilale. Mahakama hupenda kujua kwa nini ulikaa kimya baada ya kutoka. Kwa Moshi, KWIECO wanasaidia wanawake kisheria.

Sadaka za taslimu za miaka minne, nakuambia ukweli dada, kuzirudisha ni kazi ngumu. Chukueni taarifa ya miamala ya simu muihifadhi, lakini nguvu wekeni kwenye kiwanja. Na ulizeni kama aliwahi kumdhamini mtu kwenye kikoba cha huduma. Deni la kikoba huwa linabisha hodi mwezi wa tatu.

Mtumishi Njoro

Dada, haya yote ni ya mwili. Binti ana maagano, mleteni kwenye maombi ya ukombozi, siku tatu za mfungo anafunguliwa kabisa. Yule wa kwanza alikuwa nabii wa uongo.

Muuguzi Mstaafu

Mtumishi, kwa heshima yako: siku tatu za mfungo kwa mtu mwenye kifafa, asiye na dawa, anayetoka kwenye mfungo wa siku saba? Hapana.

Sakina Juu

Niko Arusha lakini jambo ni moja. Alichoandika Mtumishi ndicho kitakachomtokea kama hamjajipanga, kwamba atapelekwa kwa nabii wa pili amfungue kutoka kwa wa kwanza. Imani yake msiigombanie. Akitaka kusali, asali. Akitaka kanisa jingine, awe na maswali ya kuuliza: hesabu za sadaka zinasomwa mbele ya waumini? Nikikosa Jumapili mbili nitapigiwa simu ya kutishwa? Kuna mtu anayetajwa kwa jina kuwa mchawi? Dawa za hospitali zinasemwaje? Jibu baya kwenye swali moja linatosha kuondoka. Na mimi ningeweka miezi sita bila uamuzi mkubwa, yaani kanisa la kudumu, mchumba, mkopo.

Siku 90. Msicheke, na msimwambie "hakuna kitu kama hicho", kwa sababu hofu haiko kwenye hoja, iko tumboni. Chukueni daftari, aandike mwenyewe maneno aliyoambiwa, nani alisema, na tarehe siku 90 zinapoisha. Tishio lisilo na tarehe halifi kamwe. Lenye tarehe lina siku ya kuisha. Kisha kwenye daftari hilo hilo kila jambo baya likitokea liandikwe pamoja na sababu yake ya kawaida. Ndani ya miezi mitatu nyumba yoyote ya Moshi itapata homa, msiba wa jirani na bodaboda iliyoanguka. Bila daftari, akili yake italihesabu kila moja kuwa ni dalili. Wiki ya mwisho itakuwa mbaya kuliko zote, mtu alale naye chumbani, na siku yenyewe msimwache bila ratiba.

Mtaona pia jambo hili: yuko sawa kabisa, mara jirani anafungua wimbo fulani wa kuabudu, au anasikia harufu ya mafuta yale, macho yanatoka, sauti inabadilika, anarudi kule kwa dakika kadhaa. Si pepo na si kwamba amewadanganya kuwa ametoka. Mazoea ya miaka minne yameamshwa na kitu kidogo. Asikemewe wala asitikiswe. Aseme kwa sauti kilicho kweli: "Leo Jumatano, saa kumi jioni, niko Pasua kwa dada, huo ni wimbo wa redio ya jirani." Aguse ukuta, aoshe uso kwa maji baridi. Baadaye aandike nini kilianzisha. Mkishajua vitu viwili vitatu vinavyomrudisha, mtavikwepa mwanzoni na kumzoesha pole pole.

Kuamua kutamchosha. Kule alipangiwa hadi sketi ya kuvaa, msimwambie "fanya unavyotaka". Mpeni mambo mawili achague: mtori au uji, sokoni au kubaki. Usingizi nao msogezeeni. Akiamka saa tisa, taa ndogo, maji, sala fupi akitaka, lakini kitandani. Kila baada ya siku chache itafupika.

Mambo ya kumpeleka kliniki ya afya ya akili bila kusubiri ni haya: usiku tatu mfululizo bila usingizi, sauti zinazomwamuru, au kutaja kufa kana kwamba ni mpango. Mwelezeni daktari kwamba kule alifundishwa kusikia sauti ni kipawa, ili ajue anapima nini. Na kama kuna aliyemgusa kingono, siku zozote zile mwende kituo cha mkono kwa mkono au Dawati la Jinsia. Ikiwa ni ndani ya saa 72, hospitali kwanza, kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU. Kama kuna watoto wamebaki kwenye nyumba ile, pigeni 116, simu ya msaada kwa mtoto.

Moja la pembeni: tangu watu 20 wafe kwenye msongamano wa kukanyaga mafuta ya upako pale uwanja wa Majengo, Februari 2020, mji wenu una utani mwingi wa mafuta. Mjomba mcheshi azuiwe mlangoni. Video za Shakahola, kule Kenya waumini walikofunga hadi kufa, pia zisionyeshwe sebuleni.

Dada wa Pasua

Asanteni sana, kesho saa moja tuko Mawenzi. Mawili yamebaki. Bibi amesikia amerudi, analia anataka kumwona leo leo. Na binti ana kichupa cha mafuta ya upako analala nacho chini ya mto. Mama anataka kukitupa chooni.

Mzee wa Kibosho

Mwanangu, bibi asije leo. Binti bado anaamini nusu, akimwona ghafla atapiga kelele na bibi ataumia mara ya pili. Ianze na simu, dakika mbili, salamu na hali ya mifugo, neno uchawi lisitajwe na yeyote. Siku atakapokuwa tayari kuomba radhi, kwetu Wachaga njia ipo: jani la isale lililofungwa fundo, linatangulizwa na shangazi au mjomba anayeheshimika, asubuhi, naye anafuata nyuma. Mzee aliyepelekewa isale hakatai kirahisi, na mambo ya nyuma hayachambuliwi mbele ya watu. Lakini muulizeni kwanza. Wengi wao wamefundishwa kuwa isale ni agano la mababu, akilishika kwa kulazimishwa atakesha. Ikiwa hivyo, achukue kilo mbili za sukari na kitenge, apige magoti, inatosha. Bibi anachotaka ni shikamoo.

Sakina Juu

Kichupa kisitupwe na Mama. Kikitupwa na mwingine, kila homa itakayofuata itakuwa ya kichupa hicho. Leo kibaki chini ya mto. Wiki ijayo mwombeni akisogeze mezani, bado anakiona. Kisha kabatini, usiku mmoja kwanza, aone kumekucha. Aandike tarehe kwenye daftari kila kinaposogea. Siku atakayosema hakihitaji, mwulizeni anataka kukifanyia nini, na chochote atakachojibu, afanye kwa mkono wake.