Lainingi za breki za mbele zinaisha, za nyuma bado nene: niweke ngumu au nibadilishe slaki?

DerevaTororo: Wakuu, lori ni la ekseli mbili, breki za upepo, nashusha saruji hadi Kabale. Lainingi za mbele (vile vipande vinavyobana dramu ya gurudumu) zinaliwa haraka, za nyuma ni kama mpya. Fundi mmoja anataka niweke lainingi ngumu mbele. Mwingine anasema nitoe slaki adjasta (vyuma vya kukazia breki lainingi zikilika) za mkono niweke za otomatiki. Nimfuate yupi?

FundiNdeeba: Ya kwanza ni rahisi, na ndiyo mbaya. Kaka, za mbele zinaisha kwa sababu zinabeba kazi ya nyuma. Ukiweka ngumu, nyuma patabaki pamelala vilevile, lori litachelewa kusimama, na dramu itaanza kuliwa. Ukiteremka milima ya Kabale utanikumbuka. Slaki za otomatiki ni nzuri, lakini cheki kwanza valvu ya mzigo, ile yenye kifimbo kati ya chesisi na ekseli ya nyuma. Chesisi ikishuka kwa mzigo, ndipo inapeleka upepo mwingi nyuma. Ikikwama, hata lori likijaa, nyuma wanapata upepo wa lori tupu.

MamaMalori: Ninazo zote mbili. Za mkono hazina ubaya kama taniboi (msaidizi wa dereva) anaingia chini na spana bila kusukumwa. Wangu alikuwa anakaza upande anaoufikia tu, gari likivuta kushoto analaumu matairi! Za otomatiki ni ghali, ila watu wanaziharibu kwa kuzikaza kila wiki kama za mkono.

Mzee_wa_Busia: Langu lilikuwa kinyume, nyuma ndiko kulikoisha. Upepo ulikuwa unavuja kwenye busta (lile kopo la upepo linalosukuma breki), springi ya breki ya maegesho haifunguki yote, breki inaburuta.

FundiNdeeba: Kweli, mzee. DerevaTororo, weka kabari, achia breki ya maegesho, piga chaki kwenye fimbo ya kila busta, mtu akanyage breki, upime. Kwa busta ya saizi 30 ya kawaida, fimbo ikitoka zaidi ya inchi 2 (milimita 51), slaki imelegea. Pima kulia na kushoto.

DerevaTororo: Nyuma zote ziko chini ya inchi 2. Ila kifimbo cha valvu kimeganda kwa kutu na matope, na lori limejaa. Kesho naulizia valvu Kisenyi, Kampala.

FundiNdeeba: Usikimbilie valvu nzima, ssebo. Safisha viungo kwanza, kisha iseti kwa vipimo vya kile kibao chake, si kwa macho.