Mbwa mwongozaji kavunjika paja, Tabora: gharama za upasuaji tuzipangeje?

Ngambo_Tbr
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Baba mdogo haoni, anaongozwa na mbwa jike aina ya Labrador, miaka 5, kilo 27, aliyepewa na shule ya mbwa waongozaji alipokuwa akiishi Uingereza. Jana jioni kagongwa na bodaboda hapa mjini. Daktari wa mifugo kampima: paja la kushoto limevunjika katikati, ngozi haijapasuka, mkojo unatoka, akibanwa vidole anavuta mguu. Kashauri apelekwe hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, akawekewe plati, yaani bamba la chuma la kushikilia mfupa. Naomba kujua bili ya namna hii ina nini ndani, pesa tuitafute wapi, na tumtunze vipi mpaka siku ya safari. Jirani anasema tumfunge banzi. Na mguu ukikatwa, kazi ya kuongoza ndiyo basi?

DaktariMifugo_Uyui
Banzi hapana, tafadhali. Banzi hufaa pale unapoweza kufunga kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko. Kwa paja, kiungo cha juu ni nyonga, na hakifungiki. Bandeji itateremka ikalie gotini, uzito wake uvute mfupa kila akigeuka, na ncha zikate misuli. Mweke chumba kidogo chenye godoro gumu, mbebeni juu ya ubao, na kwenda haja ashikwe kwa khanga iliyopitishwa chini ya tumbo.

Asipewe diklofenaki wala ibuprofeni ya dukani. Humtoboa tumbo na kuua figo. Meloksikamu, dawa ya maumivu, inafaa kama anakula, anakunywa na kukojoa: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, yaani 5.4 kwake, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, baada ya chakula. Ila muulizeni daktari alichomwa nini jana. Kama ni deksamethasoni (dawa ya steroidi), meloksikamu isubiri, maana hizo mbili pamoja ni vidonda vya tumbo.

Kabla ya safari apigwe eksirei ya kifua. Aliyegongwa anaweza kuwa na hewa nje ya mapafu au kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) kilichopasuka huku akionekana mzima, na hayo hujitokeza akiwa kwenye nusu kaputi. Damu nayo ipimwe hapahapa, TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, wana kituo Tabora: wingi wa damu, chembe sahani (zinazogandisha damu), na tone la damu kwenye kioo cha hadubini kutafuta vimelea. Huku kwetu kuna kupe na ndorobo. Mbwa mwenye homa ya kupe hupungukiwa chembe sahani, akipasuliwa damu haigandi. Kulijua hilo mkiwa Morogoro ni kulipia siku za kulala bure.

Mguu ukikatwa ataishi vizuri nyumbani, lakini kuongoza mtu ni kazi ya mwili mzima. Hesabuni kwamba kazi imekwisha. Ndiyo maana plati inastahili kupiganiwa, na ifungwe ndani ya wiki ya kwanza ikiwezekana. Zikipita wiki mbili misuli inakuwa imejikunja na kovu la mfupa limeanza, upasuaji unakuwa mrefu na ghali zaidi.

Mhasibu_Kikundi
Msichangishe kabla ya kuwa na ankara kifani (proforma), yaani makadirio ya bili kwa maandishi. Mwombeni daktari apige simu, atume picha za eksirei, hospitali iandike kila kitu peke yake: kumwona daktari, eksirei, nusu kaputi, kazi ya mpasuaji, plati na skrubu, dawa, siku za kulala, na eksirei ya marudio. Ongezeni usafiri wa kwenda na kurudi, halafu akiba ya kama robo ya jumla. Akiba hiyo ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua mnyama akipata usaha.

Ulizeni hasa kuhusu chuma. Kwa mbwa wa kilo 27, plati ya skrubu za milimita 3.5 ni saizi ileile inayotumika kwa mifupa ya binadamu, hivyo mpasuaji anaweza kuwaelekeza duka la vifaa tiba na mkapata nafuu. Yeye ndiye ataje idadi ya matundu na urefu wa skrubu, na vyote viwe chuma cha aina moja.

Kwa kuwa SUA ni chuo cha umma, lipeni kwa kontroo namba. Michango ikae M-Koba (mfuko wa kikundi wa M-Pesa) au akaunti ya kikundi, isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ingawa 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu, ni wa miradi, si wa matibabu. Msipoteze wiki huko.

Itigi_Kwetu
Someni kwanza mkataba wa mbwa. Guide Dogs ya Uingereza kwa kawaida hubaki mmiliki na hubeba gharama za daktari kwa mbwa walio kazini. The Seeing Eye ya Marekani humkabidhi mtumiaji umiliki. Kama shule bado ndiyo mmiliki, hamwezi kusaini hata idhini ya kukata mguu bila wao. Waandikieni leo, mkiambatanisha eksirei na ankara, maana mifuko mingi ya misaada hairudishi pesa iliyokwisha kulipwa.

Bodaboda nayo ina bima? Hakikini namba ya pikipiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, mwone kama inagusa mali ya mtu wa tatu, kwa sababu mbwa kisheria ni mali. Ripotini trafiki, mfuatilie PF90, fomu ya polisi ya ripoti ya ajali. PF3, ya matibabu, ni ya binadamu.

Ngambo_Tbr
Asanteni sana. Tunaondoka na gari aina ya Noah, viti vya nyuma vimetolewa. Akirudi je?

DaktariMifugo_Uyui
Chukueni kibali cha kusafirisha mnyama na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Akirudi, koni shingoni mpaka nyuzi zitoke, siku 10 hadi 14. Matembezi ya kamba dakika 5, mara tatu kwa siku, bila kuruka wala ngazi, mpaka eksirei ya wiki ya 6. Hatamu ya kazi asivalishwe kabla mpasuaji hajaona mfupa umeunga. Akianza kuukanyaga mguu kisha akauinua ghafla, pigeni eksirei siku hiyohiyo: skrubu imelegea au usaha umeanza, na skrubu moja ikiwahiwa ni kazi ndogo kuliko plati nzima kung'oka.