Jeshi la lazima kwa kila raia: mnaonaje, na kwa hoja gani?

Mama wa Watatu anauliza:

Wanajamvi, habari za saa hizi.

Shemeji yangu ana wimbo mmoja kila tukikutana: raia akifikisha miaka 18 apelekwe jeshini, apende asipende. Kijana anaamka saa nne asubuhi? Jeshi. Hasalimii wakubwa? Jeshi. Hana kazi? Jeshi hilo hilo. Nikimwuliza adui anatokea wapi, ananijibu kwamba adui ni uvivu.

Wanangu ni watatu. Wa kwanza ni wa kiume na anakaribia umri huo, wawili waliobaki ni wa kike. Sitaki kumjibu kwa uchungu wa mama peke yake, maana najua atanicheka. Je, nchi ina haki ya kumshurutisha mtu ashike silaha? Walioshurutisha walipata nini? Na mabinti nao waende? Waliopita jeshini ndio nawaomba zaidi, ila msinijibu kwa kaulimbiu.

Mkakamavu:

Dada, shemeji yako yuko sawa. Ulinzi si kazi ya watoto wa maskini waliokosa ajira, ni wa wote. Tazama Uswisi. Mwaka 2013 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama jeshi la lazima lifutwe, asilimia 73 wakakataa. Hao si watu wa kuburuzwa na mtu. Singapore wanaume wanatumikia tangu 1967, na sijasikia imewarudisha nyuma. Vijana wa siku hizi wanahitaji kuambiwa "simama" wakasimama.

Afande Mstaafu:

Mama wa Watatu, sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mkufunzi wa makuruta. Nimepokea wa hiari na nimepokea wa lazima, kwa hiyo nitaanza na nilichokiona kambini.

Wiki ya kwanza huwatofautishi. Wote wamenyolewa, wote buti zimewachubua visigino, wote wanatembea kama bata. Wala kwenye kwata tofauti haionekani. Kwata kila mtu anaiweza. Asiyetaka atanyanyua mguu kwa sababu wa kushoto kwake kanyanyua. Subiri usiku, kwenye lindo. Nilikuwa na kawaida ya kuwaendea walinzi gizani bila taarifa. Anayejua kwa nini yuko pale anakusimamisha mbali, anataka neno la siri, na ukizubaa kujibu anakulaza kifudifudi hata kama sauti yako anaijua. Aliyeletwa tu anasema, "Afande, ni wewe?" na anakusogelea. Ingekuwa vita, hanga zima, yaani bweni lote la askari, limekwisha.

Sisemi wa lazima wote ni hivyo. Nimewapata walionizidi akili na nidhamu, na wengine wakabaki jeshini kwa ridhaa yao. Lakini lazima humleta kijana getini tu. Kinachomfanya awe macho saa tisa usiku ni kujua analinda nini na anakwenda nyumbani lini. Kwa hiyo naikubali lazima penye kazi halisi ya kijeshi inayomsubiri na tarehe ya kutoka iliyoandikwa kwenye sheria. Kikikosekana kimojawapo, huyo ni kibarua aliyevalishwa kombati.

Sasa hili la kunyoosha vijana. Mkakamavu, soma habari za Argentina. Kule waliingizwa jeshini kwa bahati nasibu iliyofuata tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho. Bahati nasibu haijui mpole wala mkorofi, hivyo watafiti wakapata makundi mawili ya vijana wanaofanana, moja limepita jeshini, jingine halikupita. Walipolinganisha rekodi za jinai, waliopita jeshini ndio waliokuwa na makosa zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilielekea huko, siyo alikotarajia shemeji. Na lazima yenyewe ilikomeshwa 1994, baada ya kuruta Omar Carrasco kupigwa na kufa ndani ya kambi na mwili wake kufichwa. Nimeishi makambini, najua giza la namna hiyo linaingia kwa mlango gani. Mkufunzi anayeletewa vijana wasioweza kuondoka, na mkubwa wake haji kukagua, anaanza kujiona mungu mdogo.

Hoja ya "ulinzi ni wa wote" naipenda, ila tazama inavyotekelezwa. Misri, mwenye shahada anatumikia mwaka mmoja; asiyefika hata sekondari anaweza kutumikia mitatu. Marekani wakati wa Vietnam, aliyekuwa chuoni aliahirishiwa. Ndipo wakaanzisha bahati nasibu, tarehe 1 Desemba 1969: vidonge 366 vya plastiki vya buluu, kila kimoja kina siku ya kuzaliwa ndani yake, vikatiwa kwenye chombo cha kioo na kuchomolewa kimoja kimoja mbele ya kamera za televisheni. Cha kwanza kilikuwa 14 Septemba. Baadaye wanatakwimu wakagundua havikuchanganywa vya kutosha. Vya miezi ya mwisho vilitiwa mwisho vikakaa juu, na waliozaliwa Novemba na Desemba wakaangukia namba za kuitwa mapema kuliko wenzao. Maisha ya mtu yanaamuliwa na aliyekoroga vibaya! Hata hivyo, mimi naona heri bahati nasibu mbovu kuliko orodha inayopitia mezani kwa mtu mwenye kalamu. Thailand kila Aprili vijana wanaingiza mkono kwenye chombo mbele ya umati: karata nyekundu unakwenda, nyeusi unarudi nyumbani. Wapo wanaozimia. Angalau kila mtu kaona mkono wa nani umetoa nini.

Msomaji wa Kale:

Afande umenikumbusha Tanzania ya 1966. Serikali ilitaka wasomi wakimaliza masomo waingie Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, wakasema afadhali hali ya wakoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawaka, akawafukuza zaidi ya 300. Watu hukumbuka hiyo tu. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi siwaonei huruma sana wale wanafunzi, ila lile la mshahara ndilo lililompa uso wa kuwadai. Lazima hiyo ilisimamishwa 1994, ikarudi 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Wabunge kadhaa vijana nao walikwenda mwaka huo, wakavaa kombati kama wengine.

Dhamiri Kwanza:

Mbona hamgusi lililo kubwa? Kuna mtu hawezi kuua. Siyo mwoga, hawezi tu. Bondia Muhammad Ali tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, aliitwa jina lake apige hatua moja mbele, ishara ya kukubali kuingia jeshini, akagoma kuipiga. Wakamvua ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikaa nje kwa rufaa, lakini miaka yake bora ya ngumi ikaenda hivyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kufuta hukumu 1971.

Korea Kusini walifunga maelfu ya Mashahidi wa Yehova kwa kukataa bunduki, hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua 2018 kwamba lazima wapewe njia nyingine. Njia yenyewe sasa ndiyo hii: miezi 36 ya kufanya kazi magerezani na kulala huko huko, wakati wa jeshi la nchi kavu anamaliza kwa 18. Mnaita hiyo nafasi ya dhamiri? Mimi naita adhabu iliyopakwa rangi.

Mama wa Watatu:

Nawashukuru sana, hasa wewe afande. Ya lindo imeniingia. Naona lakini mabinti wangu mmewaruka. Na swali jingine: badala ya bunduki, kwa nini kijana asilazimishwe kutumikia hospitalini, au kwenye mafuriko, au hata mashambani? Shemeji nikimbana kwenye vita huwa anakimbilia huko.

Afande Mstaafu:

Mabinti kwanza. Norwe walianza kuwaita wote 2015, wa kiume na wa kike kwa sheria moja, wa kwanza ndani ya NATO. Huwapima wengi na kuchukua wachache wanaofaa, kwa hiyo kupata nafasi kumekuwa jambo la kujivunia. Denmark nao wamewaingiza wa kike kwenye lazima tangu Julai 2025. Israeli wa kike wanatumikia tangu zamani, muda wao ukiwa mfupi kuliko wa wanaume. Mimi niliyewafundisha nasema hivi: mtutu haujui kidole cha nani kimevuta. Shida nilizozikuta zilikuwa buti zisizowatosha kwa sababu stoo iliagiza saizi za kiume, na wakufunzi wasiozuia mikono yao kwa mabinti. Nchi isiyoweza kumfunga mkufunzi wa aina hiyo isiguse mabinti wa watu.

Hospitali na mafuriko: Austria wanafanya. Miezi sita jeshini au tisa kwenye huduma za jamii, chagua. Mwaka 2013 walipopiga kura ya maoni kuhusu kuifuta lazima, karibu asilimia 60 wakasema ibaki, na kilichowasukuma wengi ni magari ya wagonjwa. Waliogopa kwamba vijana wa huduma wakiondoka, hatakuwepo wa kubeba machela. Yaani jeshi liliokolewa na wasiokuwa wanajeshi. Huo ni uamuzi wao na wana haki nao, ila mimi hunitia wasiwasi. Kazi ya machela ni ajira ya mtu. Serikali ikizoea kuipata kwa bei ya kuruta, haitaajiri tena.

Ya mashambani ndiyo mwambie shemeji aiache kabisa. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, unapiga marufuku kazi ya kushurutishwa na kuruhusu jeshi la lazima, lakini kwa kazi za kijeshi tupu. Waliouandika walijua serikali zingetaka kupitia hapo. Mfano hai ni Eritrea. Sheria yao ya 1995 inasema miezi 18: sita ya mafunzo, 12 ya utumishi. Vita na Ethiopia vilipoanza 1998 watu wakazuiwa kutoka, na vilipokwisha hawakuachiwa. Mwaka wa mwisho wa sekondari unasomewa kwenye kambi ya kijeshi iitwayo Sawa, kisha unapangiwa kikosi, shamba, ujenzi au ofisi ya serikali kwa posho, na hakuna anayekwambia utaondoka lini. Kuna watu wameoa, wamezaa na wamepata mvi wakiwa bado kwenye utumishi. Vijana wanavuka mpaka usiku, wengine wanaishia baharini wakielekea Ulaya. Jeshi lilikusudiwa kulinda nchi isibaki bila watu.

Na wewe Dhamiri Kwanza, kwenye Korea tuko pamoja. Anayekataa bunduki nampa kazi nyingine kwa muda ule ule, na zaidi kidogo ili waongo wapungue. Mara mbili ni kisasi.

Mkakamavu:

Afande nakuheshimu, lakini unaongea kama mtu mwenye jirani mpole. Ukiwa nchi ndogo na jirani ni jitu lenye tamaa, utasubiri wa hiari wajitokeze?

Afande Mstaafu:

Hapo sina ubishi, na ndiyo maana sikusema lazima ifutwe. Lithuania walisimamisha 2008, wakarudisha 2015, mwaka mmoja baada ya Urusi kuichukua Crimea kutoka Ukraine. Latvia nao wamerudisha. Ufini hawakuacha hata siku moja: 165, 255 au 347, hizo ndizo siku zao, kutegemea unafundishwa kazi gani. Wa siku 165 anajua tarehe ya kutoka kabla hajakabidhiwa buti. Akitoka anabaki askari wa akiba, anajua kikosi chake, na anaitwa tena mazoezini.

Hilo la kuitwa tena ndilo wapenzi wa jeshi la lazima wanalolisahau. Shabaha inapotea mkononi haraka mno. Nimewahi kupokea askari wa akiba walioitwa baada ya miaka kadhaa ya kukaa nyumbani; wanapiga saluti safi kabisa, lakini kufungua bunduki na kuirudisha wanatazamana. Mmoja alibakiwa na springi mkononi, akaitia mfukoni akidhani sijamwona. Kama bajeti haina fungu la kuwarudisha mazoezini, mwaka wa kijana umekwenda kwenye kwata na kufyeka majani.

Mkakamavu:

Ya akiba nakubali, na springi imenichekesha. Ya Argentina bado. Nitaisoma mwenyewe nirudi.