Sumaku ya kunasa misumari kwenye alizeti: kugeuza mkondo kwa sensa

alizeti_kibaigwa
Wakuu, salaam. Niko Kibaigwa, tunakamua alizeti. Magunia yanakuja na misumari, nati na vipande vya waya, vikishaingia hopa vinakwaruza shafti ya kukamulia. Juu ya mfereji unaoshusha mbegu nimefunga sumaku ya umeme: volti 12, koili omu 6, inakula betri ya sola. Kunasa inanasa. Shida ni kuachia, maana nikizima, misumari midogo inabaki imeng'ang'ania. Nataka nikisukuma trei chini ya sumaku, sensa iione, saketi igeuze mkondo kidogo, vyuma vidondoke. Nimejaribu rilei ya pini 8 yenye nyaya zilizopishanishwa, ila ikigeuka tu fyuzi inakatika. Kwenye koili kuna dayodi 1N4007. Mkononi nina Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayopangiwa programu), bodi ya kuendesha mota ya L298N na sensa ya Hall A3144, ile inayohisi usumaku. Nianzie wapi?

FundiKoili
Mkuu, ng'oa kwanza hiyo dayodi. Dayodi iliyofungwa sambamba na koili inafaa pale mkondo unapokwenda upande mmoja tu. Ukigeuza, chanya inapita humo moja kwa moja hadi hasi, na fyuzi imefanya kazi yake. Koili ya kugeuzwa inalindwa na dayodi nne zinazorudisha umeme kwenye nyaya za betri, na daraja la H la mosfeti (swichi nne za kielektroniki zinazogeuza mkondo) tayari linazo ndani.

L298N iache kwa vimota vya kuchezea. Kwa ampea 2 inaweza kumeza karibu volti 5, na wewe una 12 tu. Tafuta bodi ya BTS7960, hiyo ndiyo daraja la H la mosfeti. B+ na B− ziende betri kupitia fyuzi ya ampea 5, M+ na M− ziende koili, VCC ipate volti 5 kutoka kibadilishi cha LM2596 kinachoshusha volti, na GND zote ziungane. RPWM (ya kupeleka mkondo mbele) weka pini 9 ya Arduino, LPWM (ya kinyume) pini 10, R_EN na L_EN (za kuruhusu bodi ifanye kazi, naziita EN) ziunganishe pamoja uzipeleke pini 7.

Sasa penye kazi. Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla. Tuseme ina milihenri 100, kipimo cha jinsi koili inavyopinga mkondo kubadilika (pima yako, kiini kikubwa, yaani chuma cha katikati, kinaweza kuzidi hapo). Gawa kwa omu 6, unapata milisekunde 17 hivi, kipimo cha muda wa mkondo wake kupungua. Ukizima kwa kushusha RPWM peke yake huku EN ziko juu, mosfeti za chini zinafunga koili kwenye mzunguko wake na mkondo unazunguka humo ukifa taratibu, zaidi ya milisekunde 80. Ukishusha EN, mosfeti zote zinazimika na nishati inarudi betri kupitia dayodi, kwa hiyo mkondo unaisha ndani ya milisekunde 11 au 12. Kwa hiyo zima kwa EN, subiri milisekunde 50, ndipo ugeuze.

nusu_omu
Nyongeza kuhusu hiyo nishati inayorudi: betri inaimeza bila shida. Adapta ya umeme wa ukutani haiimezi, volti zinapanda. Ampea 2 kwenye milihenri 100 ni juli 0.2, na ukiwa na kapasita ya 2200 µF peke yake inaweza kusukumwa kutoka volti 12 hadi karibu 18. BTS7960 itavumilia. Kapasita yenye maandishi 16V haitavumilia. Weka ya 35V, karibu kabisa na B+ na B−.

Hiyo A3144 usiitumie hapo. Sensa ya Hall jirani na koili inaiona koili yenyewe. Ukigeuza mkondo nayo inabadilika, saketi inaanza kujijibu na kugongagonga. Sensa ya mwanga nayo itafunikwa na vumbi la maganda. Chukua ya kuhisi chuma, LJ12A3-4-Z/BX. Kahawia kwenye volti 12, bluu kwenye hasi, nyeusi ni ishara. Chomelea kibati cha chuma mwisho wa trei, kipite milimita 2 hadi 3 mbele ya sensa, na sensa yenyewe ikae sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye koili. Waya mweusi upitishe kwenye 1N4148, upande wenye mstari ukitazama sensa, kisha pini 2 ya Arduino iliyowekwa INPUT_PULLUP (Arduino yenyewe inaivuta juu hadi volti 5). Bila dayodi hiyo, volti 12 zinaweza kuingia Arduino.

alizeti_kibaigwa
Asanteni sana wakuu. Nikigeuza kwa nguvu zote kwa sekunde moja si ndiyo itaachia haraka zaidi?

FundiKoili
Hapana, itanasa upya upande wa pili! Unachoondoa ni usumaku uliobaki kwenye kiini, na huo ni mdogo. Piga mapigo yanayopungua: kinyume asilimia 40, mbele 20, kinyume 10, kila moja milisekunde 100, na kati yao EN ishuke kwa milisekunde 50. PWM (kuwasha na kuzima harakaharaka ili kupata asilimia hizo) ya kawaida ya Uno kwenye pini 9 na 10 ni karibu hezi 490, inatosha, ingawa koili italia kidogo. Misumari ikigoma kudondoka, badilisha asilimia ya pigo la kwanza tu, tano tano. Ikilegea kisha ikarukia tena, umezidisha.

Na baada ya mapigo, usirudishe mkondo wa kunasa hadi sensa ione trei imetoka na ikae hivyo milisekunde 30. Ukisahau hilo, vyuma vitaruka kutoka kwenye trei kurudi juu.

mtambo_dom
Kabla ya elektroniki zote hizo, kiini ni cha nini? Kama ni boliti ngumu ya gari, hiyo inashika usumaku kwa asili yake. Weka chuma laini. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe ndani ya majivu hadi kesho yake, ndipo usokote koili. Kisha funika uso wa sumaku kwa bati la alumini la milimita 1. Msumari usipogusa kiini, usumaku uliobaki unakosa nguvu ya kuushikilia. Utapoteza sehemu ya nguvu ya kunasa, kwa hiyo shusha sumaku karibu zaidi na mbegu.

Angalia na joto. Hiyo ni wati 24 mfululizo, na mchana wa huku kwetu unaujua. Joto la koili likiongezeka kwa nyuzi 50, omu 6 zinakuwa 7.2 na mkondo unashuka hadi ampea 1.67. Kama inanasa asubuhi na saa nane mchana inaachia nati kubwa zipite, sababu ndiyo hiyo, usiende kuchokonoa programu.

alizeti_kibaigwa
Kiini ni boliti ya gari kweli. Naanza na majivu.